Timazi Ajifunza Kuyumba

Mimi ni mwashi, na habari za ukuta sitaki mtu anifundishe. Miaka thelathini na moja nimejenga, nimepiga plasta, nimebomoa kazi mbovu za watu nikazirudia, na mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu macho yangu yanakwenda kwenye kona kabla sijasalimia. Ndiyo maana wenzangu wakaniita Timazi, kile kipande cha chuma tunachokining'iniza kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima. Jina likanikaa. Mke wangu naye ananiita Timazi, isipokuwa nikimuudhi. Hapo ananiita Fundi, kwa sauti ya mtu anayemwita fundi wa choo.

Mwaka juzi tu hapa tulikuwa na desturi yetu. Saa kumi na moja jioni, nikishaoga vumbi la kazi, tunatoka kwenda dukani. Mkate upo, sukari ipo, lakini tunakwenda. Duka liko mwisho wa barabara yetu, hatua mia tatu na kitu. Mke wangu hakuwa anatembea ubavuni kwangu kama wake za watu. Alikuwa ananitangulia, kisha anageuka, anatembea kinyumenyume huku ananitazama usoni na kunipa habari za siku nzima: nani kagombana na nani, binti yetu kapiga simu kasema nini, kuku wa jirani kaingia chumba gani. Mashimo alikuwa anayaonaje, sijui. Hata siku moja hakujikwaa. Mimi nafuata nasema "ehe, ehe," nusu nasikiliza, nusu naangalia kuta za watu. Ningejua ningesikiliza yote.

Kisha akapata homa, siku nne. Ilipoondoka haikuondoka mikono mitupu. Siku ya tano alishusha miguu kitandani akaanguka, akajaribu tena akaanguka upande ule ule. Daktari alikuwa mtu wa kueleza mambo. Akaniuliza, "Fundi, pimamaji unaijua?" Nikamtazama tu, swali gani hilo la kuniuliza mimi. Akasema kila mtu ana pimamaji mbili, moja ndani ya kila sikio, ndizo zinazomwambia kama amesimama sawa. Za mke wangu zimeharibika na hazitengenezeki. Lakini ubongo unaweza kujifunza kwenda bila hizo, kwa macho na kwa nyayo, mradi mtu atembee. Atembee kila siku, hata akiyumba. Akikaa, atabaki hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini.

Alianza vizuri, maskini. Wiki ya pili alikwenda dukani peke yake, anapepesuka lakini anakwenda. Pale nje ya duka anakaa fundi viatu mmoja ambaye hajapata kumwona mtu akapita bila kumtupia neno. Akamwambia, "Mama, mapema yote hii?" Watu wakacheka. Mke wangu hajawahi kuonja pombe maisha yake yote. Alirudi nyumbani ameshika kuta za watu, na hakuniambia kitu. Habari nilizipata kwa mpita njia, siku ya tatu.

Mimi nina hasira za karibu. Nilitaka kwenda kumpindulia yule bwana kibanda chake na misumari yake. Badala yake nikafanya ujinga, tena ujinga ambao mwashi peke yake ndiye angeweza kuufanya. Nilichukua uzi wangu wa kazi, nikaupaka unga wa rangi nyekundu, nikauvuta kutoka mlango wa chumbani mpaka mlango wa mbele, nikauinua katikati na kuuachia. Ukapiga mstari sakafuni, mita sita na nusu, umenyooka. Nikasema, "Haya mama, fuata huo. Mara kumi kila siku. Mwisho wa mwezi utakuwa umekaa sawa."

Alijaribu. Akatoka kulia, akarudi, akatoka kushoto. Mimi nimesimama kule mwisho nasema "kushoto kidogo, kushoto tena," kama ninavyowaambia vibarua wakipanga tofali. Alipofika katikati akashika meza akasimama.

"Mimi si ukuta, Fundi," akasema.

Akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani. Akakaa miezi mitano.

Sitii chumvi. Kitandani, kitini, chooni, kitini, kitandani. Nilimbembeleza, nikafoka, nikaomba radhi, nikafoka tena. Nilimfungia bomba la kushikia ukutani, nikalipima mpaka likatulia, hakuligusa. Ule mstari nilipiga magoti nikausugua kwa sabuni na brashi ya waya, lakini rangi ilikwisha kuingia ndani ya simenti. Akaniambia, bila kugeuka, "Uache. Uukumbuke." Saa kumi na moja nilikuwa naoga kama kawaida, halafu sina pa kwenda. Mara moja nilikwenda dukani peke yangu, na barabara ikawa ndefu. Nilikuwa na hamu na mke wangu, naye yumo ndani ya nyumba anakunja nguo. Sikujua kama jambo hilo linawezekana.

Sasa, Jumamosi moja nilikuwa naziba nyufa kwenye ghala la magodoro. Mchana nikasikia vishindo upande wa nyuma. Nikachungulia, mwiko mkononi. Watu saba wazima, mmoja nesi namfahamu wa zahanati, wanapepesuka huku na huku juu ya magodoro yenye kasoro. Mbele yao yuko kinyozi wangu, huyu huyu anayeninyoa, kichwa kimelegea, magoti yamelegea. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo kazi yao, saa nane mchana.

Kisha kinyozi akaenda upande kabisa, upande wa kuanguka. Nilimwona anaanguka, na kwenye kuanguka kule mguu ukatokea chini yake, akawa amesimama kwingine, na mkono wake umeshafika kwenye koo la mtu aliyekuwa amemsogelea. Akarudia, na mara hii nikaangalia miguu. Ulikuwa mwendo wa mke wangu, ule ule wa kutoka kitini kwenda chooni. Tofauti ni kwamba kinyozi hakuwa na haya nao. Simenti ikanigandia kwenye karai, mimi nimesimama tu.

Walipopumzika nikamwendea. Alinieleza kwamba zamani alikuwa dereva kwenye kampuni ya Wachina waliokuwa wanajenga barabara, miaka sita, na mpishi wao ndiye aliyemfundisha. Ni kung fu, mtindo wa mlevi. Anayekuja amekunywa anarudishwa mlangoni, kwa sababu mlevi wa kweli kitu hiki hakiwezi hata dakika moja.

"Nataka kujifunza," nikasema.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Fundi, samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe umeshakaushwa, umebaki kufungwa kwenye gazeti."

"Nitalainika."

"Mtaka cha mvunguni?" akauliza.

"Sharti ainame," nikajibu, na nikaanza siku ile ile, na vumbi la simenti mwilini.

Niseme kweli, nilikuwa kichekesho. Kwanza kuna ngumi yake: gumba na kidole cha shahada unavikunja kama umeshika kikombe kidogo, vingine unavifumba. Kinyozi anasema mwili wote uyumbe, kikombe kisimwagike. Hilo niliweza, mkono wangu umezoea mwiko. Shida ni mwili wenyewe. Akisema "legea," nasimama wima zaidi. Akisema "anguka kulia," mguu wangu umeshakwenda kulia kunisubiri kabla sijaanza kuanguka. Nesi alinifundisha kuanguka kwenyewe, kidevu kifuani, mkono unapiga godoro. Nikaanguka mara arobaini, na kila mara naanguka mzima mzima, kama mlango uliong'oka bawaba. Nesi alicheka mpaka akatoka nje.

"Unapigana na kuanguka," kinyozi akaniambia Jumamosi ya tatu. "Kujikwaa si kuanguka, hukufundishwa utotoni? Ni kwenda mbele. Kubali kwenda. Mguu utafika."

"Usipofika?"

"Ndiyo kazi ya magodoro."

Ile methali naijua toka sijaota meno, na siku zote niliidhani ni ya kuwafariji watu wazembe. Nikafumba macho. Nikaacha kichwa kiende. Kikaenda, bega likafuata, nikajua sasa nakwisha, na sakafu haipo. Halafu mguu ukafika. Sikuuita. Nilikuwa nimepinda vibaya, timazi ingenicheka, na nilikuwa sijaanguka.

Nikakaa juu ya godoro nikalia, na sioni haya kusema. Ule mshtuko wa sakafu kutokuwepo, mke wangu anaupata kila hatua. Kila hatua, toka kitandani mpaka kitini. Na mimi nilisimama mwisho wa mstari nikamwambia kushoto kidogo.

Nyumbani sikusema kitu. Nilimwambia ghala lina nyufa nyingi. Lakini mtu anayejifunza lazima ajizoeze, kwa hiyo jioni nikawa najificha uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, nayumba. Sikufikiria kwamba sauti inafika dirishani. Sikufikiria pia kwamba mtu aliyekaa miezi mitano anajua kila mlio wa nyumba yake.

Jioni moja nimekwenda upande, nimegonga tangi, nimerudi, nikasikia, "Timazi."

Nikageuka. Mke wangu amesimama kwenye mlango wa uani, mkono mmoja kwenye fremu. Kutoka kwenye kiti chake mpaka mlango ule ni hatua kumi na nne, na bomba langu haliendi huko.

"Njoo hapa. Fungua mdomo."

Nikaenda, nikafungua mdomo. Akanusa, akaniinamisha kichwa, akanusa tena kuhakikisha.

"Chai," akasema.

"Chai."

"Wiki tatu namsikia mume wangu anagonga tangi kama mtu aliyefukuzwa kilabuni. Nikasema basi, nimemfikisha huko. Kakata tamaa na mimi, kaingia kwenye chupa. Nimekaa pale nalia peke yangu kama mjinga. Na ni chai?"

Nikamweleza yote. Kinyozi, mpishi wa Kichina, magodoro, ngumi ya kikombe. Nilikuwa naeleza kwa furaha, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni na jua linampiga usoni. Halafu nikaona uso wake unakunjamana, na nikajua nimeharibu mara ya pili.

"Unaniigiza," akasema.

"Hapana, mama."

"Huko nje wananicheka bure. Wewe umekwenda kusomea."

Nina maneno mengi mimi, kila mtu anajua. Siku ile yalinikauka. Nikasema yaliyokuwepo. "Nina hamu na wewe. Nina hamu ya ile barabara, wewe uko mbele unanisema. Nimejaribu kukunyoosha uje nilipo, nikakuumiza. Nikaona nije mimi."

Akageuka, akarudi ndani ameshika ukuta, na mimi nikabaki uani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Usiku ule tulilala migongo imepeana habari. Kesho yake hakuna neno, keshokutwa hakuna. Nilitaka kuacha. Kuacha nako ni kukubali kwamba kiti kimeshinda, kwa hiyo siku ya nne nikatoka tena uani, sina hata raha, nikaanza kuyumba.

"Unadanganya," sauti ikatoka mlangoni.

"Nini?"

"Hiyo hatua. Unaupanga mguu kwanza, kama unapanga tofali. Mtu anayeyumba hapangi. Kichwa kinaondoka, mguu unakuja kukiokoa."

"Ndivyo kinyozi anavyosema."

"Kinyozi anajua nini? Yeye anajifanya." Akaachia fremu. "Hivi." Akachukua hatua moja uani, mikono mitupu. Kichwa kikaenda, bega, na mguu ukafika. Nilijua nikimkimbilia nimekwisha. Akasimama, anayumba kidogo, ananitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto wa nyuma darasani.

"Umeona?"

"Sijaona vizuri," nikasema. "Rudia."

Akarudia.

Kuanzia hapo nikawa na mwalimu wa nyumbani, na mkali kuliko wa ghalani. Anakaa kwenye stuli karibu na tangi, nakosea, anasonya, anasimama kunionyesha. Mwanzoni mara mbili kwa jioni, baadaye kumi, baadaye sikuhesabu. Nilianza kukosea makusudi ili asimame. Akanishika siku ya pili tu. "Usijifanye mjinga zaidi ya ulivyo," akasema, "unatosha." Na bado akasimama.

Nilimletea habari za ghalani, maana sasa mimi ndiye niliyekuwa natoka. Nikamwambia hadithi ya mpishi, kwamba mtindo huu una wazee wanane wa Kichina wasiokufa, kila mmoja na ulevi wake. Mmoja mguu mbovu, anatembelea gongo la chuma. Mmoja mwanamke.

"Huyo mwanamke anakwendaje?"

"Kinyozi anasema anayumba kiunoni, na hashikiki."

Akafikiri. "Hashikiki," akasema, na jioni ile alizunguka tangi zima bila kuligusa.

Miezi miwili ikapita hivyo. Uani tu. Mlango wa mbele ulikuwa mlango wa mtu mwingine, na kila saa kumi na moja nilikuwa nautazama, naye ananiona nautazama. Sikusema kitu. Hilo peke yake lilikuwa kung fu tosha kwa mtu wa ulimi wangu.

Halafu juzi, nimeshaoga, nimevaa shati, nakwenda zangu uani, akasema, "Mkate umeisha."

Mkate nilikuwa nimeununua asubuhi. Ulikuwa mezani, ameufunika mwenyewe kwa kitambaa.

"Umeisha kabisa," nikasema.

Tukapita juu ya mstari mwekundu, tukatoka. Mlangoni akasita, barabara yote ile wazi mbele yake, hakuna tangi, hakuna fremu. Akashika mkono wangu, kisha akauachia, akasema nikimshika ataniegemea mimi, asisikilize nyayo zake. Basi nikatangulia. Nikageuka kumtazama, na nikaanza kwenda kinyumenyume, nayumba, kichwa kwanza, mguu unafuata, ngumi ya kikombe mkononi, mzee wa miaka hamsini na nne mchana kweupe. Na mke wangu akanifuata, analalia kulia, anarudi, analalia kushoto, anarudi. Madirisha yakafunguka. Mtu mmoja alisimamisha baiskeli kabisa. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu. Nilikuwa nimesahau kwamba akitembea anauma mdomo wa chini.

Tulipofika dukani fundi viatu alikuwepo, asingekosa. Akaweka nyundo chini. "Ee, leo ni wote wawili?"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda, maneno nilikuwa nayo tayari, ya miezi yote ile. Mke wangu akawahi.

"Huyu ndiyo kwanza anajifunza," akasema, anayumba mbele yao wote. "Mvumilieni."

Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanacheka upande wetu. Yule fundi viatu akamtazama vizuri, miguu, macho. Nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu aliinuka akasogeza stuli yake. "Kaa, mama, upumzike."

"Nimekaa miezi mitano," mke wangu akamjibu. "Inanitosha."

Tukanunua mkate wa pili. Wakati wa kurudi hakuningoja. Alinitangulia.

Nilimfuata nyuma na kifuko cha mkate. Kuna ukuta pale katikati ya barabara, mbovu, umebinuka, nimeulaani miaka kumi. Zamani akifika pale ndipo alipokuwa anageuka. Nilikuwa nasubiri, sifichi. Akafika. Kichwa chake kikaanza kugeuka, na mwili mzima ukaenda nacho, upande, chini, mkate ukanitoka mkononi. Mguu ukafika. Akasimama, ameangalia mbele.

"Ile siwezi tena," akasema, akiiambia barabara.

"Najua, mama."

Kisha akaanza kwenda, na akaanza kusema. Binti yetu kapiga simu jana. Kuku wa jirani kaingia tena jikoni, safari hii kataga. Alikuwa anasema huku ameangalia mbele, upepo unayachukua maneno, nusu yake yananipita. Nikaokota mkate, nikaongeza mwendo nisikie yote.